Mbungo na Mpira: Habari za Mimea Miwili ya Mwitu

Katika nchi ya Bondei, chini ya milima ya Usambara, hapana kijito kisicho na kichaka, wala hapana kichaka kisicho na mmea utambaao juu ya miti. Mimea hii watu huipita kila siku wasiitazame. Aendaye shamba huikata ikimzuia njia. Atakaye kufunga mzigo huivuta. Watoto huitafuta wakati wa matunda tu. Na sisi walimu, ambao kazi yetu ni kuwafundisha wengine kutazama, mara nyingi twaiita yote kamba za mwitu, kisha twaendelea na safari yetu. Nia yangu katika maneno haya ni kueleza habari za mimea miwili ya namna hiyo, yaani mbungo na mpira: jinsi nilivyokosa kuipambanua, na jinsi kosa lile lilivyonifikisha kwenye historia ambayo nilikuwa nikiitaja kila jioni kwa kinywa changu, wala sijui kwamba naitaja.

Kando ya shule yetu pana uwanja wa mpira, na mwisho wa uwanja, kabla hujafika kijitoni, pana kichaka. Uwanja ulikuwa mfupi, na wavulana waliomba sana tuuongeze. Siku moja nikawapa mapanga, nikaenda nao. Katika kichaka kile mlikuwa na mmea mkubwa uliopanda juu ya miti mitatu na kuifunga pamoja, shina lake nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima. Panga la kwanza lilipougusa ulitoka maziwa meupe. Mvulana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huu ni mti gani?" Nikajibu papo hapo, wala sikuinama kuutazama, kwamba ni mbungo. Tena nikaongeza maneno, kama ilivyo desturi ya mwalimu asiyetaka kuonekana amepungukiwa: kwamba matunda yake huuzwa sokoni Tanga na Unguja, watu wakatengeneza kinywaji kizuri, lakini kwa kuwa mibungo ni mingi, si vibaya kuukata mmoja. Basi wakakata.

Alikuwa akipita mzee jirani yetu, ambaye sote humwita Babu. Tukamwamkia, akaitika, kisha akauliza, "Mwakata nini, Mwalimu?" Nikamwambia, "Twakata mbungo, Babu, tupate kuongeza uwanja wa mpira." Hakunijibu. Alikuja polepole, akatwaa kipande kilichokatwa, akaacha maziwa yadondoke juu ya mkono wake, akayapaka kwa kidole mpaka yakaenea. Akangoja kidogo. Halafu akaibandua ngozi nyembamba iliyokuwa imeganda pale mkononi, akaivuta, ikarefuka. Akaiachia, ikarudi kama ilivyokuwa. Akasema, "Mbungo haufanyi hivi. Huu ndio mpira. Mwakata mpira mpate kucheza mpira."

Wavulana walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha wafundisha uongo, na nusu ya mmea ilikuwa chini.

Kwanza nieleze jinsi ya kuitambua mimea hii, maana kosa langu ni kosa rahisi, na kamusi zetu zenyewe hulisaidia, kwa kuwa jina la mbungo watu wamelitumia mara nyingi kwa yote miwili. (Na msomaji aangalie asichanganye mbungo, ambao ni mmea, na mbung'o, ambaye ni inzi aletaye ugonjwa wa malale, alama ile ndogo yapambanua tunda na maradhi.) Mbungo na mpira ni ndugu wa ukoo mmoja. Yote miwili hupanda kwa kushikamana na miti mingine. Majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana. Maua yake ni meupe au ya rangi ya maziwa, yenye ncha tano. Na matunda yake ni ya mviringo, yenye ganda gumu, na ndani yake mna mbegu zilizofunikwa na nyama ya uchachu na utamu. Yote miwili ikikatwa hutoa maziwa. Mtu atazamaye alama hizi tu atakosa kama nilivyokosa mimi.

Lakini tukitazama kwa uangalifu, twaona tofauti nne. Ya kwanza ni jani: jani la mbungo ni pana na la kung'aa, na mara nyingi latosha kufunika kiganja, jani la mpira ni dogo na jembamba. Ya pili ni ua: ua la mbungo ni kubwa, lina shingo ndefu, na katikati lina rangi ya manjano, na harufu yake yajulisha kuwapo kwake kabla hujaliona; ua la mpira ni dogo sana. Ya tatu ni tunda: bungo lililoiva hufanana na chungwa kwa ukubwa na kwa rangi, na tunda la mpira kwa kawaida ni dogo kuliko hilo. Ya nne ndiyo ile aliyoitumia Babu, nayo ni ya hakika kuliko zote. Maziwa ya mpira hushikana upesi, yakawa kitu kivutikacho. Maziwa ya mbungo hubaki kuwa gundi yenye kunata, na kwa hiyo watoto huyapenda kwa kutengeneza ulimbo wa kunasia ndege. Mbungo hunasa, mpira huvutika. Katika maneno haya mawili mna elimu yote ambayo wavuna mpira wa zamani waliihitaji.

Nilijifariji kidogo nilipojua kwamba hata wataalamu waliiweka mimea hii pamoja kwa muda mrefu. Mbungo walikuwa wakiuhesabu katika jamii moja na mpira, ile iitwayo Landolphia, mpaka mwaka 1953, ndipo Mfaransa Marcel Pichon alipoutenga katika jamii yake yenyewe, na jina lake sasa ni Saba comorensis, kwa ajili ya visiwa vya Komoro. Mpira wetu waitwa Landolphia kirkii. Jina la kwanza latokana na nahodha Mfaransa, Landolphe, aliyemchukua mtaalamu Palisot de Beauvois katika jahazi lake mpaka Afrika ya Magharibi mwaka 1786. Jina la pili ni la John Kirk, mganga wa Scotland aliyesafiri pamoja na Livingstone katika mto Zambezi kutoka mwaka 1858 mpaka 1863, kisha akafika Unguja mwaka 1866, akakaa huko miaka mingi kuwa balozi wa Uingereza. Kirk alikuwa mtu wa kupenda mimea. Alipeleka vielelezo vya mimea ya pwani kwenye bustani ya Kew karibu na London, akawahimiza wafanya biashara wa Unguja kununua mpira wa mwituni. Hivyo nahodha na balozi wamewekewa ukumbusho katika mmea huu. Bali watu walioujua kwa mikono yao, ambao ndio waliomwonyesha Kirk, hawakuandikwa. Jina walilouachia ni lile fupi tulilo nalo: mpira.

Babu alinieleza kazi ile kama alivyoisikia kwa babu yake mwenyewe. Mvunaji alikwenda mwituni na kisu na kibuyu cha maji ya chumvi, au na ndimu. Alipouona mmea alichanja ganda lake mahali pengi, akatia maji ya chumvi au maji ya ndimu juu ya majeraha ili maziwa yagande upesi. Mwingine aliyapaka maziwa juu ya mkono wake wote, kuanzia kifundo mpaka kiwiko, akayaacha yagande pale kwa joto la mwili, halafu akayabandua kama mtu avuaye ngozi, pamoja na malaika ya mkono wake. Ukanda huo aliuzungusha na kuuzungusha mpaka ukawa tonge la mviringo. Matonge ndiyo yaliyopelekwa pwani, yakabadilishwa kwa nguo na fedha. Wako waliotia mchanga au jiwe katikati ya tonge lipate kuwa zito; na kwa hiyo wanunuzi walizoea kuyapasua matonge kwa kisu kabla ya kuyapima. Na aliyechanganya maziwa ya mbungo na maziwa ya mpira alipata tonge la kunata lisilo na thamani. Basi jambo nililolikosa mimi mbele ya darasa, wakati ule mtu alilipia kwa safari ya siku nyingi.

Kwa nini maziwa ya mmea wa mwituni yalitakiwa hivyo? Sababu zake ziko mbali na Bondei. Mwaka 1839 Mwamerika Charles Goodyear aligundua jinsi ya kuupika mpira pamoja na kiberiti, usilainike kwa joto wala usiwe mgumu kwa baridi. Mwaka 1888 John Dunlop, mganga wa wanyama, alitengeneza gurudumu la baiskeli lenye mpira uliojaa hewa. Baada ya hapo zikaja motokaa. Mpira mwingi ulitoka katika miti ya Brazili. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alichukua huko mbegu zipatazo 70,000 akazipeleka Kew, na miche iliyochipua ikapelekwa Ceylon na Malaya. Lakini mti hauwi mti kwa siku moja. Mpaka mashamba ya Asia yalipoanza kutoa mpira mwingi, yapata mwaka 1910, ilipita miaka ishirini ambayo magurudumu ya Ulaya na Marekani yalitegemea kitu kilichootea chenyewe porini. Katika miaka hiyo ishirini mmea utambaao wa Afrika ulikuwa mali. Na penye mali pasipo na haki, mwenye nguvu hataki kungoja.

Hapa sina budi kuondoka pwani na kutaja Kongo, maana mpira wa Kongo ni ndugu wa mpira wetu, jina lake Landolphia owariensis. Nchi ile yote, tangu mwaka 1885, ilikuwa mikononi mwa Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, si kama mali ya Ubelgiji bali kama milki yake mwenyewe. Dola yake ilitangaza kwamba misitu isiyokaliwa ni mali ya dola pamoja na vyote vilivyomo. Tangu hapo mtu aliyechanja mmea nyuma ya kijiji chake hakuwa akivuna kilicho chake. Kila kijiji kilitakiwa kuleta mpira kwa kipimo. Mwaka 1890 mpira uliotoka Kongo ulikuwa yapata tani 100. Mwaka 1901 ulikuwa yapata tani 6,000.

Tarakimu hizo mwalimu aweza kuziandika ubaoni na kuzifuta. Lakini mmea huu si mti wa shambani, ambao huchanjwa leo na kesho ukachanjwa tena. Aliyetakiwa kuleta kipimo aliukata kabisa apate maziwa yote kwa mara moja, na mimea ya karibu ikaisha. Mwezi uliofuata alikwenda mbali zaidi. Na mwaka uliofuata alilala msituni siku nyingi, shamba lake likiota majani. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao warudi na mpira. Askari walitakiwa kutoa hesabu ya risasi zao, na hesabu ilitolewa kwa mikono ya kuume iliyokatwa. Mwezi wa Mei mwaka 1904 mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misheni ya Baringa akichukua kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake, Boali, mtoto mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari wa pale, akampiga picha Nsala akikaa barazani akivitazama viungo vile. Picha hiyo ilionyeshwa Uingereza na Marekani kwa taa ya picha, mbele ya watu wengi sana, wakaona kwa macho yale waliyokuwa wamekataa kuyasadiki kwa masikio. Roger Casement, balozi wa Uingereza, alikuwa amekwisha safiri mtoni mwaka 1903, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1904. Na Edmund Morel, aliyekuwa karani wa mambo ya meli, alikuwa ameona ya kwamba merikebu zilitoka Kongo zimejaa mpira, zikarudi huko zimejaa bunduki na risasi, akajua kwamba hiyo si biashara. Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Hata hivyo kazi ya lazima haikuisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wa Kongo waliamriwa kutoa siku 120 kila mwaka kwa kazi za vita, na kuvuna mpira wa msituni kulikuwa miongoni mwa kazi hizo.

Sasa turudi Bondei. Wakati wa Wadachi mpira wa mwituni ulikuwa mojawapo ya bidhaa kubwa zilizotoka katika koloni lao. Kisha wakapanda mashamba ya mpira wa namna nyingine, uliotoka Brazili, ambao ni ndugu wa muhogo. Mashamba hayo yalienea sehemu za Tanga, Muheza na Morogoro, na Wanyamwezi wengi walikuja kufanya kazi humo. Mwaka 1913 bei ilianguka, kwa kuwa mpira wa Asia ulikuwa mwingi na wa rahisi, mashamba yakaachwa. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Malaya, serikali ya Waingereza iliyafufua mashamba yale ya zamani, na watu walichukuliwa kwa lazima kwenda kuchanja. Baba yake Babu alikuwa mmoja wao. Baada ya vita yakaachwa tena. Miti mingi ikabaki kando ya nyumba, wanawake wakaona majani yake yafaa kwa mboga. Na hata leo hapa kwetu twala kisamvu cha mpira.

Msomaji aangalie njia iliyopitwa na neno hili. Kwanza mpira ni mmea utambaao kichakani. Kisha ni maziwa ya mmea huo yaliyoganda. Kisha ni mti wa kigeni uliotoa maziwa ya namna ile ile, ijapokuwa hautambai wala si wa ukoo ule. Kisha ni kila kitu kilichotengenezwa kwa maziwa hayo: bomba la kunyweshea bustani, koti la mvua, na tufe la kuchezea. Kamusi kubwa iliyotengenezwa na Kamati ya Lugha chini ya Frederick Johnson, na kutolewa mwaka 1939, yaonyesha mmea na tufe chini ya neno moja. Hatimaye jina lilihama kutoka katika kitu likawa la mchezo. Na leo mtoto asema anacheza mpira kwa tufe lisilo na tone la maziwa ya mmea wowote, au kwa tufe la matambara na kamba alilolifunga mwenyewe. Hivyo neno limefika mbali, bali mmea umebaki palepale kijitoni, na wenye kulitumia neno wameusahau.

Kusahau huku si jambo dogo. Mtu asiyejua kwamba mpira ni mmea hawezi kuuliza nani aliuchanja, wala kwa malipo gani. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu habari za Kongo katika somo la historia, pamoja na miaka yake na majina yake, nao waliyajibu maswali vizuri. Lakini walidhani mpira ule ni kitu cha nchi nyingine, kilichotoka katika mti wasioujua. Hakuna aliyejua kwamba ndugu yake ameshikilia miti mitatu nyuma ya goli. Na wangejuaje, ikiwa mwalimu wao alipita mbele yake miaka kumi na mmoja, na siku alipoulizwa akaupa jina la mwingine?

Siku ya pili niliwakusanya wanafunzi pale kichakani, nikawaambia kwamba jana niliwafundisha lisilo kweli. Nikamwomba Babu aje awafundishe yeye. Alikuja na kisu kidogo, akatafuta mbungo ng'ambo ya kijito, akawapa wavulana na wasichana jani la huu na jani la ule, wakayapima kwa viganja vyao. Akachanja kidogo mbungo, akachanja kidogo mpira. Kila mtoto akapaka maziwa mkononi mwake, akangoja, akabandua, akavuta. Darasa likakaa kimya mpaka yakaganda. Ndipo nikawasomea habari za Nsala, wakiwa na utando ule ungali vidoleni mwao. Hapana aliyecheka.

Uwanja wetu haukuongezwa. Ungali mfupi, na tufe hupotea kijitoni mara nyingi. Mvua za vuli zilipokuja, kisiki kilichipua machipukizi manne, nayo sasa yameanza kushika miti. Wanafunzi huyahesabu.

Ninawasihi walimu wenzangu watafute mimea hii katika vichaka vya kwao, waipambanue kwa jani, kwa ua, kwa tunda na kwa maziwa, na wawaulize wazee majina yake katika lugha za nyumbani kabla wazee hawajatutoka. Majina hayo yafaa kuandikwa katika kurasa hizi. Mwalimu asione haya kumwuliza asiyesoma. Haya imo katika kujibu kabla hujainama kutazama.